Bomba Linapofika, Virusi Vimeshapita

Tarehe 7 Agosti 2025, Baraza la Katiba la Ufaransa lilifuta kifungu cha sheria mpya ya kilimo kilichotaka kuirudisha asetamipridi mashambani. Hiki ni kiuatilifu cha jamii ya neonikotinoidi, dawa za wadudu zinazolaumiwa kudhuru nyuki, na waliokililia zaidi ni wakulima wa hazelnati na wa viazisukari, mizizi inayotengenezewa sukari. Kabla ya uamuzi huo, ombi la wananchi wanaoipinga sheria lilikuwa limepata saini zaidi ya milioni 2 katika muda wa wiki chache. Mjadala ukasimuliwa kama ugomvi wa nyuki na sukari. Walio upande wa dawa wanasema: mnyime mkulima kiuatilifu, vidukari, wale wadudu wadogo wanaonyonya utomvu na kueneza virusi, watamwachia shamba la majani ya njano. Walio upande wa nyuki wanajibu: acheni maumbile yafanye kazi yake, kila mdudu ana mlaji wake. Pande zote mbili zina chembe ya ukweli, na zote zinateleza palepale: zinachukulia kwamba ugonjwa wa virusi hupanda na kushuka kufuata idadi ya wadudu walioko shambani.

Msimamo wangu ni huu. Kuua wadudu huzuia magonjwa ya virusi katika hali chache zinazojulikana, na ugonjwa wa viazisukari ni mojawapo. Penginepo dawa hufika imechelewa, na mara nyingine huuongeza ugonjwa wenyewe. Maswali yanayoamua ni mawili: virusi hukaaje ndani ya mdudu na kwa muda gani, na vilifikaje shambani mara ya kwanza. Anayeuchukua ushindi wa dawa kwenye viazisukari na kuupeleka kwenye muhogo, migomba au mipapai amebeba jibu la mtihani mwingine.

Tuanze na kidukari mwenyewe. Anapotua juu ya jani hajui bado kama ameupata mmea wake. Rangi imemvuta, basi. Yaliyobaki lazima ayaonje. Hutumbukiza sindano ya mdomo wake katika seli moja ya ngozi ya jani, akavuta tone dogo mno, akaichomoa. Tendo hilo huchukua sekunde kadhaa. Lisipomridhisha huruka hadi jani jingine akaonja tena. Sasa jani la kwanza likiwa lina virusi vya Y vya viazi mviringo, au virusi vya mabaka ya pete vya mipapai, chembe zake hunasa kwenye ncha ya sindano na kuachwa katika jani la pili. Virusi vya namna hii haviingii hata tumboni mwa mdudu. Baada ya kuonja mimea michache, au baada ya saa chache, sindano imekuwa safi na kidukari hana madhara tena. Tazama basi hesabu ya dawa: kiuatilifu kizuri huhitaji dakika nyingi, pengine saa, kumlaza mdudu, ilhali maambukizi yamekamilika ndani ya dakika moja. Isitoshe, kidukari anayefanya kazi hii mara nyingi ni mpita njia wa aina isiyokaa kabisa kwenye zao hilo. Mkulima akipekua majani yake hamkuti, kwa sababu alishaondoka. Na baadhi ya viuatilifu vilivyotengenezwa kwa kuiga sumu ya pareto huwasumbua vidukari kabla ya kuwaua, wakawa wanahamahama na kuonja mimea mingi kuliko ambavyo wangeonja wakiachwa watulie.

Kuna virusi vya tabia tofauti kabisa. Hivi humezwa, vikapenya ukuta wa utumbo, vikaogelea katika damu ya mdudu hadi kwenye tezi za mate, ndipo vikatemwa katika mmea mwingine. Safari hiyo ina muda wake. Nzi mweupe anayebeba virusi vya batobato ya muhogo, ugonjwa unaoyatia majani mabaka na kuyakunja, huhitaji kunyonya mmea mgonjwa kwa takriban saa 3, kisha zipite saa kama 8 kabla hajaweza kuambukiza. Lakini akishaiva hubaki hatari kwa siku kadhaa. Umuhimu wa ule ukuta wa utumbo ulionyeshwa Amani, katika milima ya Usambara, na mtafiti Harold Storey, aliyechunguza ugonjwa wa michirizi ya mahindi na kijidudu arukaye kinachousambaza, Cicadulina mbila. Storey aliona kwamba baadhi ya vijidudu hivyo haviambukizi hata vikinyonya mmea mgonjwa mchana kutwa. Akachukua sindano nyembamba akayatoboa matumbo yao. Vilivyotobolewa vikaanza kuambukiza. Hiyo ilikuwa 1933, miaka mingi kabla ya vifaa vya kisasa vya vinasaba, na ninaikumbuka kila ninaposikia mtu akisema mambo haya ni mageni kwetu.

Vithiripi, wadudu wembamba wadogo mno, nao wana kioja chao. Virusi vya mnyauko wa madoa wa nyanya huingia ndani yao wakiwa wachanga tu. Mkubwa aliyekosa kuvipata utotoni hawezi tena kuvisambaza hata akila mmea mgonjwa. Aliyevipata hubaki navyo maisha yake yote, maana huzaliana ndani ya mwili wake. Ukiua wakubwa wanaoruka kutoka nje unafanya kazi moja, ukiwazuia wachanga wasikulie kwenye mimea migonjwa unafanya nyingine, na chupa ya dawa haikuelezi tofauti hiyo.

Kwa msingi huo madai ya wakulima wa viazisukari ni mazito, na sioni haja ya kuwakejeli. Virusi vinavyolifanya shamba lao kuwa la njano husambazwa hasa na kidukari wa kijani wa pichi, Myzus persicae, anayelihamia zao hilo na kuzalia humo. Baadhi ya virusi hivyo ni vya kundi lile linalopita tumboni, na mdudu lazima anyonye kwa muda mrefu. Mbegu ikipakwa neonikotinoidi, dawa hupanda na utomvu, na kidukari hufa kabla ya kujenga ukoo. Aliyefika tayari amebeba virusi anaweza kuambukiza mche wake wa kwanza, lakini hapati watoto wa kuvipeleka kwenye mistari ya jirani. Dawa haizuii cheche, inazuia moto usienee. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku neonikotinoidi tatu kwa mashamba ya wazi mwaka 2018, na Ufaransa ikaenda mbali zaidi kwa kuzikataa zote. Mwaka 2020 majira ya baridi yalikuwa mepesi, vidukari wakawahi, na mavuno ya viazisukari ya Ufaransa yakaanguka kwa zaidi ya robo. Serikali ikatoa ruhusa ya muda, hadi Januari 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliposema ruhusa za namna hiyo kwa mbegu zilizopakwa dawa zilizokatazwa hazikubaliki.

Uingereza ilichagua njia iliyonivutia zaidi. Ruhusa ya dharura ilifungamanishwa na utabiri: wataalamu wa Rothamsted, taasisi ya utafiti wa kilimo, walipima baridi ya Januari na Februari, wakakadiria ugonjwa utakuwa mkubwa kiasi gani, na makadirio yakiwa chini ya kiwango kilichowekwa, mbegu yenye dawa haikuruhusiwa kupandwa. Mwaka 2021 baridi ilikuwa kali, kiwango hakikufikiwa, na dawa iliyokuwa imeruhusiwa haikutumika. Huko ni kukiri kwamba hata pale dawa inapofaa, haifai kila mwaka. Januari 2025 serikali ya nchi hiyo ilikataa ombi lenyewe. Unaweza kubishana kama ilikosea. Lakini kwa miaka ile swali lililoulizwa lilikuwa la maana: mwaka huu, kwa virusi hivi, dawa itazuia nini?

Toka hapo uende kwenye nzi weupe. Niliwahi kusimama pembeni ya shamba la nyanya wakati mtu akipuliza dawa. Mbele yake, kila alipogusa mmea kwa mkono wa bomba, wingu jeupe liliinuka. Akapita. Wingu likatua nyuma yake, kwenye majani aliyokwisha kuyalowesha upande wa juu, nao wakajipanga upande wa chini ambako tone halikufika. Mayai na makinda yao yalikuwa hukohuko chini. Alikuwa anapuliza kwa mara ya tatu wiki hiyo, na majani ya juu yalikuwa yamejikunja kama vikombe vidogo, kingo njano. Mimea ile ilikuwa mgonjwa tayari, na hakuna kiuatilifu kinachoponya mmea wenye virusi. Kwenye joto nzi mweupe hukamilisha kizazi kwa muda wa kama wiki 3, na ameshazoea dawa za makundi mengi duniani. Anayeongeza kipimo anawaondoa wasiostahimili na kuwaachia shamba wanaostahimili, huku akiua nyigu wadogo waliokuwa wakitaga mayai ndani ya makinda hayo na kuyaangamiza.

Hapa ndipo wenzetu wa “maumbile yatajisawazisha” hupata nguvu, na hapa ndipo naiona hoja dhaifu kuliko zote. Ni kweli kwamba mdudu-kibibi mwenye madoa na nyigu hawa hupunguza vidukari na nzi weupe. Kwa mkulima anayepoteza mavuno kwa sababu utomvu unanyonywa, hiyo ni neema. Lakini virusi havisubiri idadi ya wadudu ifike mamia. Mdudu mmoja aliyebeba virusi anaweza kuacha mimea kadhaa migonjwa, na mlaji wake huja baadaye, akivutwa na wingi wa chakula. Tena vidukari wakivamiwa hutoa harufu ya hatari, wenzao wakaachia jani na kutawanyika, wakiwa na virusi vyao. Mlaji wa wadudu, kama ilivyo dawa, hupunguza idadi; hana habari na muda. Kumtegemea peke yake dhidi ya virusi ni kurudia kosa la mwenye bomba kwa jina zuri zaidi.

Hoja yenye uzito ni ya mbegu kinzani. Anayeipendekeza anasema: mpe mkulima mmea usiougua, kisha wadudu waje watakavyo. Mipapai ya Hawaii inamtetea. Virusi vya mabaka ya pete viliingia Puna mwaka 1992, katika eneo lililobeba sehemu kubwa ya zao hilo, na kukata miti hakukuvizuia. Mwaka 1998 ikatolewa kwa wakulima aina iliyopandikizwa kipande cha vinasaba vya virusi vyenyewe, kazi iliyoongozwa na mtafiti Dennis Gonsalves, na ndiyo iliyoliokoa zao. Waulize wakulima wa muhogo, hata hivyo, na utapata habari ndefu zaidi. Batobato iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Amani palepale, Storey na wenzake waliuchanganya muhogo na jamaa yake, mti wa mpira wa Ceará, Manihot glaziovii, wakitafuta ukinzani, na kizazi cha kazi hiyo kimo ndani ya aina nyingi zinazolimwa Afrika hadi sasa. Batobato kali ilipoikumba Uganda katika miaka ya 1990, aina kinzani zilisambazwa kwa wingi na zikafanya kazi. Majani yakarudi kuwa mapana na ya kijani.

Kulikuwa na ugonjwa wa pili, michirizi ya kahawia, uliofahamika pwani tangu miaka ya 1930 na kudhaniwa hauwezi kupanda nyanda za juu. Kuanzia mwaka 2004 ukaonekana Uganda, kisha ukalizunguka Ziwa Viktoria. Aina nyingi zilizochaguliwa kwa ajili ya batobato hazikuwa zimechaguliwa kwa ajili ya michirizi, na nzi weupe walikuwa wamejaa kuliko zamani. Ubaya wa ugonjwa huu uko ardhini. Shamba linapendeza, majani yana unjano kidogo kando ya mishipa ambao mtu asiyezoea hauoni. Siku ya kuvuna unakata mzizi na kukuta madoa makavu ya kahawia yametapakaa ndani kama kizibo cha chupa kilichooza. Miezi kumi na mbili ya kazi inatupwa hapohapo. Ukinzani dhidi ya virusi vya jina moja haukuwa ukinzani dhidi ya virusi vya jina jingine, na hii si lawama kwa wazalishaji wa mbegu, ila ni sababu ya kutoiachia mbegu kinzani mzigo wote.

Na hapo linakuja swali la pili, la namna virusi vinavyofika. Virusi vya michirizi ya kahawia havikai kwa nzi mweupe zaidi ya siku moja au mbili hivi. Mdudu huyo anaweza kuvipeleka shamba la jirani. Kuvivusha bahari hadi Visiwa vya Komoro hawezi. Kilichovivusha ni vipando, mashina ya muhogo yaliyofungwa mzigo na kupewa ndugu au rafiki kwa nia njema. Migomba ni vivyo hivyo. Ule ugonjwa unaoyasonga majani ya juu yakasimama kama shada huenezwa na kidukari wa migomba kwa umbali mfupi, lakini kutoka wilaya hadi wilaya huenda ndani ya machipukizi. Australia ililijua hilo katika miaka ya 1920, baada ya ugonjwa huo kukaribia kuliangamiza zao la ndizi kaskazini mwa New South Wales. Mtafiti Charles Magee alithibitisha kwamba mwenezaji wake ni kidukari huyo, na hatua zilizofuata hazikutegemea kupuliza mashamba: wakaguzi walipita mistari kwa mistari, mgomba mgonjwa ulimwagiwa mafuta ya taa kwanza ili vidukari wake wafe kabla hawajashtuka na kuhama, kisha ukang'olewa na shina lake kuharibiwa, na machipukizi yakawa hayahamishwi bila kibali. Angalia mpangilio wake. Sumu imetumika, lakini kwa mmea mmoja, kwa dakika inayohitajika, na ng'oa ndiyo iliyokuwa dawa.

Kung'oa nako kuna historia chungu. Ghana, ilipokuwa bado koloni likiitwa Gold Coast, ilianza katika miaka ya 1940 kukata mikakao iliyoambukizwa virusi vya kuvimba matawi vinavyobebwa na vidung'ata, wadudu wadogo wanaonyonya utomvu. Kitaalamu hoja ilisimama: mti mgonjwa haponi na ni ghala la maambukizi. Lakini mti wenyewe ulikuwa bado unazaa, na mwenye mti akatumiwa watu wenye mapanga. Hasira za wakulima wa kakao zikawa miongoni mwa mambo yaliyochochea ghasia za Accra mwaka 1948. Kwa miaka iliyofuata miti zaidi ya milioni 200 imekatwa, na ugonjwa bado upo. Sioni humo ushahidi kwamba kukata ni bure. Naona kwamba mkulima anayeng'olewa leo bila fidia atauficha mti mgonjwa kesho, na mti uliofichwa hulilisha eneo zima.

Ninapenda zaidi mfano wa Jamhuri ya Dominika. Virusi vya majani kujikunja vya nyanya viliingia huko mwanzoni mwa miaka ya 1990, na upulizaji ukashindwa. Serikali ikaweka kipindi cha miezi 3 kila mwaka ambacho nyanya na mimea mingine inayomlea nzi mweupe hairuhusiwi kuwa shambani. Nzi mweupe aliyebeba virusi hufa ndani ya wiki chache, na watoto wake huzaliwa na kukulia mahali pasipo mmea wa kuwapa virusi. Miche ya msimu mpya ikitoka, wadudu wapo lakini mikono yao mitupu. Uzalishaji ulirudi. Udhaifu wa njia hii unajulikana: mmoja akikataa kung'oa, akabakiza mistari miwili ya nyanya ili awahi soko, amewaharibia wote. Ndiyo maana haiwezi kuwa ushauri wa afisa ugani kwa mkulima mmoja mmoja. Lazima iwe amri yenye tarehe, inayotekelezwa kwenye bonde zima.

Sasa kwa nini bomba linashinda katika fikra za watu, na hata katika bajeti? Kwa maoni yangu ni kwa sababu chupa ina muuzaji. Ina nembo, ina wakala, ina mtu wa kuipigia debe. Kipando safi cha muhogo hakina mtetezi wa namna hiyo: mkulima akishanunua mara moja hukata mashina yake mwenyewe kwa miaka, au humwomba jirani bure. Kipindi cha miezi 3 bila nyanya hakiuzwi kabisa. Soko likiachwa lichague lenyewe litachagua kile kinachonunuliwa kila wiki. Tanzania imejaribu kuliziba pengo hilo kwa kuwapa wazalishaji wadogo wa vipando vya muhogo ukaguzi wa TOSCI, taasisi ya serikali ya kudhibiti ubora wa mbegu, na kwa madaraja ya mbegu yanayokubali kiasi kidogo cha ugonjwa, kinachoongezeka kadiri unavyoshuka kutoka mbegu mama hadi ya mkulima. Wapo wanaoona huko ni kulegeza. Nadhani ni busara, kwa kuwa sharti la usafi kamili lingemwacha mkulima akiendelea kukata mashina kwa jirani, ambako hakuna aliyekagua chochote.

Ufaransa yenyewe, ikiwa imeondolewa neonikotinoidi, ililazimika kutazama mahali ambapo haikuwa ikitazama. Mpango wa utafiti ulioanzishwa baada ya msiba wa 2020 uliwarudisha watafiti kwenye swali la virusi hujificha wapi wakati wa baridi. Baadhi ya jibu liko pembeni ya shamba: mabaki ya viazisukari vya msimu uliopita, vilivyoachwa kwenye marundo au kusahaulika udongoni. Majira ya kuchipua yanapoanza, mabaki hayo hutoa majani machanga yenye virusi vya mwaka jana, na kidukari wa kwanza hutua hapo kabla mbegu mpya, iwe imepakwa dawa au haijapakwa, haijatoa hata jani la pili.